Seva ya mafaili ikifa, kwa nini inazika na mashine nzima?

Wakuu, niko ofisini tangu saa kumi na moja alfajiri na chai sijaiona, kwa hiyo mkiona lugha imechacha mnisamehe.

Jana usiku umeme ulikatika, betri ya UPS ikaisha, seva ya mafaili ikazima. Hayo tumeyazoea. Lakini mashine 3 za Linux zilizo kwenye UPS nyingine hazikuzima hata sekunde, na kwa kuwa zimeimaunti hiyo seva kwa NFS (yaani folda zake zinatumika kupitia mtandao kana kwamba ziko ndani ya mashine), zote zimeganda. df -h ya kuangalia nafasi ya diski, kimya. ls ya kuorodhesha mafaili, kimya. Ctrl+C unabonyeza mpaka kidole kinauma. Load (idadi ya kazi zinazoendeshwa au zilizokwama zikisubiri) imepanda hadi 40 huku prosesa imelala, maana kila dakika 5 cron, mpanga ratiba wa Linux, inaleta skripti nyingine ije kupanga foleni nyuma ya zilizokwama.

Nikasema basi niiondoe hiyo maunti. Amri yake, umount (haina hata "n" ya kwanza, nayo nimeitukana), inajibu "target is busy". Nani anaitumia? Haisemi. Unaita lsof, inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, ikutajie, nayo inaganda palepale. umount -f ya kulazimisha, yaleyale. Jamaa mmoja akasema "restart tu". Reboot ikakwama ikisubiri kuiachia hiyohiyo folda, nikaishia kubonyeza swichi. Kwenye mbili zilizobaki nikapiga umount -l, inayoiondoa folda bila kusubiri wanaoitumia, folda ikatoka machoni, nikashusha pumzi.

Kumbe ndiyo kwanza nimejichimbia shimo. /mnt/hesabu, pale tulipoimaunti seva, maunti ikishaondolewa inabaki folda ya kawaida tu ya diski ya ndani, na skripti ya bekapu haijui tofauti. Ikaendelea kumwaga humo. Kufika saa nne diski 100%, hifadhidata imegoma, mhasibu anapiga simu. Seva ikarudi, nikaimaunti tena, sasa df inasema diski imejaa na du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, haioni kilichoijaza! Mafaili yamefunikwa chini ya maunti. Saa nzima imepotea mpaka nilipofanya mount --bind / /mnt/chini, inayoonyesha diski ya ndani bila maunti zilizoifunika, nikayakuta GB 60 yamelala humo.

Mstari mmoja wa mountpoint -q, unaokagua kama folda imemauntiwa, kabla ya kuandika ungezuia diski kujaa hivi. Aliyeandika skripti keshahama kazi. Kwenye fstab, faili la mipangilio ya maunti, ametuachia timeo=600 (muda wa kusubiri jibu la seva) na maelezo pembeni: "dakika 10". Kaka, kipimo kile ni sehemu ya kumi ya sekunde, hiyo ni dakika 1! Tena kwa chaguo la hard, ambalo ndilo linalokuja lenyewe usipochagua, mashine itarudia kuomba milele hata uweke ngapi.

Msiniambie niweke soft, kinyume cha hard, kila mahali. Muda ukiisha inakata uandishi katikati, na programu isiyoangalia kosa inakuachia faili bovu. Nitaiweka kwenye folda za kusoma tu.

Na atakayekuja na "si mngenunua jenereta": tunalo. Halikuwa na dizeli.