Soriasisi ya mama: kliniki ya ngozi, vaidya wa hapa Dar, au India kabisa?

Mdigo_Tanga
Wakuu, poleni na majukumu. Mama ana soriasisi, na si ya kukisia. Hospitali walimkata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa. Imekaa viwikoni, magotini na kichwani, akiamka asubuhi magamba unayakuta kwenye shuka. Krimu ya steroidi inatuliza, akiacha inarudi. Sasa familia imegawanyika. Mjomba anamtaka vaidya mmoja hapa Dar, yaani mganga wa Ayurveda (tiba ya jadi ya India), anayetoa unga na vidonge. Shangazi anasema kama ni Ayurveda basi tukafuate chimbuko, Kerala, kusini mwa India. Mimi nataka abaki kliniki. Naomba ulinganisho wa wanaoijua, za "nilisikia" tunazo za kutosha nyumbani.

Binti_Kisauni
Kwani mwarobaini umewakosea nini? Chemsha majani aoge, kisha manjano na mafuta ya nazi. Huku Mombasa ndiyo dawa ya ngozi toka enzi za mabibi.

Nesi_Mstaafu
Binti, kwa upele sikubishii. Kuna utafiti wa India uliochapishwa 1992: watu 814 wenye upele walipakwa mwarobaini uliosagwa na manjano, asilimia 97 wakapona ndani ya siku 3 hadi 15. Hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiutangaze kama muujiza, lakini si bure. Tofauti ni kwamba upele unaletwa na mdudu, ukishamuua umemaliza. Soriasisi ni kinga ya mwili inayoivuruga ngozi, seli zinazaliwa haraka kuliko zinavyopukutika. Hapo hakuna wa kuua.

Bhai_wa_Kisutu
Nimekulia ndani ya Ayurveda, babu alitoka Jamnagar huko India, kwa hiyo niiseme kama ilivyo.

Vaidya aliyesoma atakuuliza choo, usingizi, jasho na chakula kabla hajaligusa baka. Kwao mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata (upepo), pitta (moto) na kapha (ute), na maradhi mengi ya ngozi yamewekwa fungu moja, kushtha. Charaka, tabibu wa kale wa India, anahesabu aina 18: 7 kubwa, 11 ndogo. Kila moja inahusisha hizo tatu pamoja na ngozi, damu, nyama na majimaji ya mwili. Kinachotofautisha ni ipi imezidi.

Msiwadharau wale wazee, walikuwa na macho. Aina iitwayo sidhma wameieleza hivi: baka jeupe au la rangi ya shaba, hukaa zaidi kifuani, ukilisugua linatoa ungaunga. Si mba huyo? Daktari wa ngozi leo naye anakwangua kuona huohuo unga. Ekakushtha nayo imeenea mwilini, haitoi jasho, ina magamba kama ya samaki, na vaidya wengi wa sasa wanaichukulia kuwa soriasisi. Ubaya ni kwamba ukoma nao umo kwenye fungu hilohilo. Kwa hiyo kipimo cha hospitali kitangulie, na nyie mmeshapima.

Tiba inafuata kilichozidi. Vata ikizidi wanaanza na samli ya dawa, kapha ikizidi mgonjwa anatapishwa, pitta ikizidi anaharishwa na kutolewa damu, pengine kwa ruba (watu wa hijama mnanielewa). Kisha dawa za kutuliza, kama samli iliyochemshwa na mimea mitano michungu, mwarobaini ukiwemo. Na miiko: samaki na maziwa mlo mmoja, marufuku. Hospitali haiiungi mkono hiyo ya samaki, ila mtu akila kwa mpangilio na kulala vizuri hapotezi kitu.

Sasa ule unga wa mjomba. Kuna tawi la Ayurveda linalotia madini ya zebaki na risasi kwa makusudi, kwa imani kwamba yakichomwa na kusafishwa sumu inaisha. Mwaka 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda kutoka maduka ya Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizonunuliwa mtandaoni, karibu moja kati ya tano ikawa vilevile. Mimi mwenyewe ni mtu wa Ayurveda, na unga usio na lebo siumezi.

Bi_Muscat
Assalaam aleikum. Mwanangu, mimi nilimpeleka mume wangu Kerala kwa maradhi hayohayo. Watu wa Oman tunakwenda sana. Asubuhi tumbo tupu anapewa kikombe cha samli chungu, nzito, na kila siku wanaongeza, siku 3 mpaka 7, mpaka ngozi yenyewe inateleza. Halafu anatolewa jasho, halafu dawa ya kuharisha, halafu uji mwepesi wa mchele mpaka tumbo lirudi. Mchana wanammiminia mtindi uliotolewa siagi kwenye paji la uso, taratibu, kama uzi. Alilala usingizi ambao sijamwona nao miaka.

Ngozi ilisafika, sikufichi. Baadae ikarudi, kidogo kuliko mwanzo. Ni samli, ni mapumziko, ni kukaa mbali na biashara yake? Siwezi kuapa. Gharama ni kubwa, na mgonjwa awe na nguvu. Mama ana maradhi mengine?

Mdigo_Tanga
Ana presha, na sukari imeanza kupanda. Halafu yule vaidya wa mjomba amesema krimu zote aache siku ya kwanza.

Nesi_Mstaafu
Hapo ndipo ningesimama mlangoni. Krimu kali za steroidi zilizopakwa muda mrefu haziachwi ghafla, wala vidonge vyake. Soriasisi inaweza kulipuka, hata ikaja ya usaha mwili mzima. Na mtu wa presha, pengine anameza dawa ya kukojoa, ukimharisha unampotezea maji na chumvi kwa pamoja. Kerala wenyewe kituo makini kitamkataa au kumpunguzia.

Kliniki nako hamjamaliza. Kuna mafuta ya kupaka ya jamii ya vitamini D, kuna tiba ya mwanga, kuna methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa walioenea sana. Moshi pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda tangu 1992, ombeni rufaa. Akianza methotreksati, dawa za mitishamba za kumeza zisikaribie bila daktari kujua, ini ni moja tu. Bakuchi, mbegu wanayotumia kwa mbalanga, imeshahusishwa na ini kuumia. Ina psoraleni, kemikali ya jamii ileile hospitali wanayoitumia pamoja na mwanga wa UVA, kwa hiyo ukiipaka ukatoka juani unaungua kweli.

Bhai_wa_Kisutu
Naafiki. Mkuu, kama mjomba hakubali kushindwa, muulize vaidya mambo mawili: amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Na unga una nini, kimoja kimoja? Jina likiwa na "bhasma" (majivu ya madini) au "rasa" (zebaki), aseme ni madini gani. Akisema ni siri ya ukoo, mpe mkono mwondoke. Mafuta ya kupaka na mpangilio wa mlo chukueni, hayo hayagombani na kliniki.

Mdigo_Tanga
Mjomba kapiga simu sasa hivi. Ni siri ya ukoo.

Binti_Kisauni
😂 Shikamoo bi Nesi, nimekoma. Mafuta gani basi ya kichwani?

Bi_Muscat
Kerala wana ya majani ya dantapala: wanayaloweka kwenye mafuta ya nazi, wanaanika juani siku kadhaa mpaka yanakuwa ya zambarau. Yanatia doa mito, tandika kitambaa cha zamani. Ukiyakosa, nazi tupu inalainisha magamba: paka usiku, funga kitambaa, asubuhi chana taratibu kwa chanuo la meno mapana. Usibandue kwa kucha, gamba likitoka kwa nguvu hapohapo ndipo jipya linapoota.