Mtu mzima Malindi, nataka mwenzangu lakini si ndoa. Nimwambieje mwanamume tangu mwanzo?

BintiNgomeni

Hamjambo nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, nimeachika zamani, eda ilikwisha na watoto wamekua. Wa mwisho yuko chuo Mombasa. Naishi Barani, napikia nyumba za wageni upande wa Casuarina. Kiitaliano nakisema vizuri. Babangu alikuwa mpishi wa mafundi wa kituo cha San Marco kule Ngomeni, kile cha Waitaliano kilichorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na lugha aliileta nyumbani pamoja na mapishi.

Nitakalo nalisema wazi. Ndoa sitaki, nilishaikaa. Nataka mwanamume mtu mzima, asiye na mke, wa kula naye, kutembea naye ufuoni jioni, na tukiridhiana, zaidi ya hapo. Kisha kila mtu arudi kwake. Pesa yake siitaki, yangu inanitosha.

Shida ni mji. Nikikaa na mwanamume wa hapa mara mbili tatu, ama mamake ashaanza kuulizia ukoo wangu, ama mke ambaye sikutajiwa ashapata namba yangu. Nikikaa na Mwitaliano, mhudumu haniulizi hata ninakunywa nini, anamuuliza yeye. Msimu uliopita nilikuwa mezani na bwana mmoja wa makamo, mpole, tumezungumza jioni nzima kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Rafiki yake akapita, akamuuliza kwa Kiitaliano mimi ni bei gani. Yule bwana hakukasirika. Akacheka, akasema bado hajauliza. Nikawajibu wote wawili kwa lugha yao, nikalipia samaki wangu, nikaita tuktuk. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Programu za simu za kutafuta wapenzi nazo nimejaribu. Ukipunguza umbali unaona sura zilezile: wateja wangu, mpwa wangu, mwalimu aliyemfundisha mwanangu. Nikijieleza kwa Kiitaliano wananijia wazee walioko Brescia na Bergamo, hukohuko Italia, wanaopanga kuja Desemba. Nikijieleza kwa Kiswahili wananijia vijana wanaoniita mami na kuomba nauli kabla hata ya salamu.

Basi swali langu: mwanamke wa umri wangu aseme nini, na lini, ili asidhaniwe anatafuta mume wala asidhaniwe anauza? Naomba majibu ya watu wazima. Matusi nimeshayasikia.

Dereva wa Stejini

Dadangu, mimi naendesha tuktuk hapa mjini, kwa hivyo nakwambia ninachokijua. Umbea mwingi unaanzia kwetu, na unaanza usiku. Mwanamke akishushwa mkahawani saa saba mchana, akala wali samaki na mwanamume, hakuna anayegeuza shingo. Akishushwa mahali hapohapo saa nne usiku, kufika asubuhi steji nzima inajua.

La pili, wengi hubadilisha dereva kila mara wakidhani wanajificha. Hapo ndipo unapowapa habari watu wengi zaidi. Kaa na mmoja, mtu mzima mwenye familia, mlipe vizuri, akuchukue na akurudishe. Huyo atakulinda, manake wewe ni riziki yake. Na kwa mara ya kwanza nendeni Watamu. Si mbali, matatu zipo mpaka jioni, na huko hakuna anayemjua mamako.

MamaShella

Mwanangu, nakuandikia kama mamako, usinichukie. Sikuhukumu, moyo wa mtu una haja zake na umri hauzizimi. Lakini hilo la "zaidi ya hapo" pasipo nikaha, mimi siwezi kukubariki. Mtalaka halazimishwi na mtu. Una haki ya kuweka masharti kabla ya kufunga: ubaki kwako, yeye abaki kwake, aje siku mlizopatana. Nyumba za namna hiyo zipo hapa pwani tangu zamani na watu wanaishi kwa heshima. Zungumza na wazee wako, nenda kwa kadhi uulize. Nakuombea heri.

BintiNgomeni

Mama, shikamoo. Nimekusikia na nimekushukuru, umesema kwa upole ambao wengi hawana. Ila mume hata akilala kwake, bado ana haki ya kuniuliza nilikuwa wapi. Hapo ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, na sitaki kumwahidi mtu nisichoweza kumpa.

Mgane wa Marafa

Dada, acha nikujibu kutoka upande wa wanaume. Mimi ni Mgiriama, mke wangu alifariki, nafanya kazi Malindi na nyumbani naenda mwisho wa mwezi. Wanaume wanaotaka unachotaka wapo. Tunaogopa kusema kwa sababu ileile: ukimwambia mwanamke kwamba huna haja ya ndoa, anakuona mhuni anayetaka kumtumia.

Kuna mama mmoja nilikaa naye kwa amani muda mrefu kabla hajahamia kwa binti yake. Siku ya kwanza tulikutana kwenye chai mchana, chai yenyewe haijaletwa, akaniambia: "Mimi sitafuti mume wala mfadhili. Chai yangu nitalipa mwenyewe. Kama unataka mke, tunywe tuachane kwa wema." Akatoa noti akaiweka chini ya kisahani chake. Nilimheshimu kuanzia dakika ile. Hakungoja nianze kuwaza makubwa, na ile noti ilimaliza swali la bei kabla mtu hajalifikiria.

Kwa hivyo swali lako la lini, jibu langu ni kabla ya chakula, siku ya kwanza. Na ukiwa na Mwitaliano mwambie kwa Kiitaliano, tena mapema, asikae saa mbili akidhani huelewi anachowaambia wenzake. Yule bwana wako alicheka kwa sababu alidhani husikii. Angejua unasikia, ungemfahamu tabia yake dakika ya kumi, ukala samaki wako nyumbani.

Nesi wa Kaunti

Nimefurahi thread hii imebaki na heshima. Nina mambo yangu ya kazi.

Pimeni VVU wote wawili kabla ya lolote, kwa pamoja, kila mtu aone jibu la mwenzake. Jibu zuri la leo halionyeshi maambukizi ya wiki jana, kwa hivyo mpira utumike na mrudie kipimo baadaye. Ukipasuka na hujui hali yake, PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, inaanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha unaimeza siku 28. Wengi huja siku ya tano kwa aibu, na hapo hatuna la kufanya.

La "asiye na mke", mpigie simu ya video Jumapili mchana. Asiyeweza kupokea Jumapili baada ya Jumapili, wewe mwenyewe utajua.

Na picha usitume, hata akibembeleza vipi. Akizisambaza, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote, lakini picha yenyewe hairudi. Akikutishia au kukuumiza, piga 1195, ni bure. Mwambie rafiki mmoja unaenda wapi na nani, kila mara.

BintiNgomeni

Ahsanteni sana. Mgane, hiyo ya noti chini ya kisahani nimeichukua. Dereva, yuko mzee mmoja wa tuktuk jirani yangu, nitazungumza naye. Nesi, vifaa vya kujipima mwenyewe vinauzwa maduka ya dawa au lazima hospitali? Sitaki kupanga foleni na wateja wangu.

Nesi wa Kaunti

Maduka ya dawa yanauza, vya mate na vya damu ya kidoleni. Fuata maelezo, usisome jibu baada ya muda ulioandikwa kwenye karatasi. Kikionyesha maambukizi, hilo bado si jibu la mwisho, njoo kliniki tupime tena kuthibitisha. Kama unaona haya ya foleni, njoo mchana, asubuhi ndiyo huwa na watu wengi.