Naomba ushauri: nahodha wangu aseme au anyamaze?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, natengeneza gemu ndogo ya simu: kijana anaendesha jahazi la babu yake, anavusha mizigo kati ya visiwa vya Amu (yaani Lamu), Manda na Pate. Nimekwama kwa huyo kijana. Azungumze au awe bubu?

Mimi nimekulia kwenye gemu ya Vice City ya 2002, ya mfululizo wa GTA. Mhusika wake mkuu, Tommy Vercetti, mdomo haufungi, na nampendea hilo. Lakini kwenye GTA III, mwaka mmoja kabla, mhusika mkuu Claude hasemi hata neno, na Gordon Freeman wa gemu ya Half-Life ni vivyo hivyo. Faida naiona, mchezaji anajihisi yeye ndiye. Ila watu wakimsemesha Claude naye kanyamaa tu, huwa naona hana adabu. Kwetu ukiamkiwa unaitika!

Nikimpa sauti, aseme lahaja ipi? Kiamu ndicho changu, lakini akimwita mwenzake "ndoo!", yaani "njoo!", mchezaji wa Nairobi atadhani anataka ndoo ya maji. Kwa Kiswahili sanifu anasikika kama msoma habari wa redioni. Na kurekodi hapa ni mtihani, kila nikianza punda analia dirishani.

Binamu yangu wa Malindi asema nimwache kimya, maneno yaandikwe kwenye skrini, mchezaji achague jibu. Kuna aliyejaribu hivyo? Simu ninazolenga nafasi yake ni ndogo, nachelea mafaili ya sauti yatazijaza.