Kuwadanganya FBI kwenye mazungumzo ya hiari, bila kiapo, ni kosa kweli?

ChaliiNgarenaro:
Wakuu naombeni msaada wa wanaojua sheria za Marekani. Braza angu yuko Texas, juzi jioni FBI wawili wamemgongea mlango, wakamwambia kabisa hujakamatwa, ukitaka ongea usipotaka basi, ila tuna maswali mawili matatu kuhusu jamaa flani wa magari. Yeye kwa uoga akajibu "simjui hata", wakati wamefanya naye biashara na picha kibao wamepiga pamoja. Hapa kijiweni Ngarenaro tunabishana toka asubuhi, wengi wanasema hakuapishwa, hakupelekwa kituoni, kwa hiyo hakuna kesi. Ukweli ni upi?

MekuWaKibosho:
Hamna kesi hapo arifu. Uongo wa kufungwa ni ule wa mahakamani umeshika Biblia au Msahafu. Huyo aende kwa padri akaungame yaishe 😂

MzeeWaFaili_Moshi:
Meku usimpoteze mwenzio. Hiyo unayosema ni kiapo cha uongo, kosa lingine kabisa. Wamarekani wana kifungu cha 1001, kiko kwenye Title 18, yaani sehemu ya sheria zao za makosa ya jinai, hakijali kiapo wala kama umekamatwa. Wanachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ulisema uongo makusudi ukijua ni uongo, na uongo wenyewe unagusa kile wanachochunguza. Mpaka miaka 5 jela, ikihusu ugaidi 8. Na usidhani mpaka utunge hadithi ndefu, kuna kiongozi wa chama cha wafanyakazi, James Brogan, maafisa walimfuata kwake wakamuuliza kama amepokea hela toka kwa kampuni flani akasema "hapana", neno moja tu, ndo wakamwambia makaratasi ya kampuni wanayo. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, 1998 akapigwa chini.

DadaWaNjiro:
Martha Stewart je? Yule mama wa mapishi na mapambo kwenye TV. Shtaka la udanganyifu wa hisa jaji alilifuta, kilichompeleka ndani miezi 5 ni uongo aliowaambia wapelelezi na kuzuia uchunguzi, 2004 hiyo. Na Michael Flynn, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Trump, alihojiwa na FBI ofisini kwake Ikulu Januari 2017, hana wakili, Desemba akakiri kosa hilohilo la kuwadanganya, akaja kusamehewa na Trump 2020. Braza ako rais gani atamsamehe? Mi nahisi hao jamaa picha wanazo zamani, walikuja kupima mdomo wake tu.

ChaliiNgarenaro:
Dah. Sasa si awapigie tu arekebishe, aseme alipaniki?

MzeeWaFaili_Moshi:
Asipige mwenyewe. Kujirudi hakufuti kosa chini ya hicho kifungu, na akianza kujieleza ataongeza lingine juu yake. Atafute wakili wa jinai, wakili ndo aongee nao, na kama ana green card atafute na wa uhamiaji. Wakirudi mlangoni ana haki ya kusema "sina la kusema bila wakili wangu" akafunga mlango, kukaa kimya siyo kosa. Na tafadhali asimtafute huyo jamaa wa magari wapange maneno, wala asifute meseji na picha, hapo atakuwa amejiongezea kesi nyingine.

MekuWaKibosho:
Kwa hiyo walivyogonga angesema tu "niacheni nalala" angekuwa salama?

MzeeWaFaili_Moshi:
Kama kweli alikuwa analala 😅