Mfumuko wa bei umeshuka lakini soko la Kibuye hakuna kitu imeshuka, niripoti vipi?

Ripota_wa_Ziwa, Kisumu
Wadau habarini. Mimi ni ripota wa redio hapa Kisumu, nalipwa kwa stori si mshahara, na nilipewa kitengo cha uchumi juu hakuna mwingine alikitaka. Shida ni hii. Kila mwisho wa mwezi KNBS, wale wa takwimu za taifa, wakitoa mfumuko wa bei, mhariri ananitumia taarifa anasema nipe dakika mbili, nasoma hewani ati asilimia imeshuka, halafu simu zinaanza kuingia studio, natukanwa ati nimenunuliwa na serikali, mama mmoja akaniuliza kama kwangu tunapika takwimu. Na nikipita Kibuye kweli hakuna kitu imeshuka. Sasa nani anadanganya? Halafu hii pengo ya wenye nacho na wasio nacho mtu anairipoti vipi bila kurudia ile ya kila siku, "wananchi walia maisha magumu"? Hiyo imechosha hata mimi.

Mwalimu_Nakuru
Hakuna mwenye anadanganya. Asilimia ikishuka haimaanishi bei zimeshuka, ni kwamba zinapanda polepole kuliko zilivyokuwa zikipanda. Chukua namba za KNBS wenyewe, Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 ikawa 6.9, Oktoba 2024 ikawa 2.7 na watu wakashangilia. Sasa zirundike. Shoping ya 1,000 Oktoba 2021 ilikuwa imefika kama 1,203 Oktoba 2024, na hiyo mia mbili hakuna siku ilirudi. Kwa hivyo siku unasoma 2.7, soma na hiyo 1,203 hapo hapo, usingoje wiki ijayo. Hii hesabu huwa nawapa Fomu Tatu na wanaielewa, sijui kwa nini vyumba vya habari inawashinda.

Bosi_Kondele
Sisi tunataka kujua unga ni ngapi kesho na petroli EPRA, wale wa kupanga bei ya mafuta, watasema ngapi tarehe 14. Hizo zingine pelekeni chuo.

NyarKibuye
Ripota nisikize mimi niko hapo hapo sokoni, nauza nafaka. Bei naiogopa kupandisha manake mteja wangu ana ile pesa tu, nikiongeza kumi anahamia kwa jirani. Kile kinabadilika ni kipimo. Hebu geuza gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, uangalie chini, utapata imegongwa ikaingia ndani, ukijaza mahindi inaonekana kilo mbili kumbe konzi mbili hazimo. Si zote, lakini ziko, na wateja wanajua na wananyamaza. Fungu la nyanya ni ishirini bado, ila zilikuwa tano sasa ni tatu, na moja iko na kidonda. Ukiuliza bei utaambiwa ni ile ile na utaenda kutangaza bei haijapanda. Beba mizani.

Halafu kuna hii ingine. Mtu wa Nyalenda, mtaa wa watu wa chini, ananunua mafuta ya kupima ya ishirini, sukari ya kumi, makaa ya mkebe, kila jioni. Wa Milimani kwa wenye nacho anabeba lita tano supamaketi mara moja anasahau. Piga hesabu kwa lita uone nani analipa bei ya juu. Maji pia. Jerikeni ya lita 20 tuseme unauziwa 5, jerikeni 50 ndio yuniti moja ya mita ya maji, hapo ushatoa 250. Tafuta bili ya mtu wa Milimani uweke kando.

Mzee_wa_Dawati, Kakamega
Nilikaa dawati la habari miaka mingi kabla nistaafu, na ningekuwa mhariri wako ningechukua ya NyarKibuye leo leo. Maskini kulipa zaidi kwa kitu kile kile, hiyo ndiyo stori ya pengo, na haihitaji mtu kulia.

Ongeza hii upate nguvu. Kwenye kapu la KNBS, ile orodha ya vitu wanapimia mfumuko wa bei, chakula na vinywaji visivyo vya kileo ni kama asilimia 32.9. Mpiga boda wa mtaa wa Manyatta huenda zaidi ya nusu ya pesa yake inaishia kwa sufuria. Unga ukipanda na nauli ishuke, wastani unatulia na yeye ameumia. Na kapu hilo hupangwa kwa jumla ya matumizi ya watu wote, kwa hivyo mwenye kutumia sana ndiye analivuta upande wake.

Gini, ile namba ya kupima pengo la mapato, usiitaje hewani, watu watabadilisha stesheni. Wape ya umaskini, 2022 nchi nzima maskini walikuwa asilimia 39.8 ya watu, lakini Nairobi 16.5 na Turkana 82.7. Hiyo 39.8 haiishi mahali popote.

Kwa mambo ya kaunti, ripoti za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi mtandaoni, soma pesa ya safari za ndani na nje ya nchi kabla usome ya barabara. Wakikunyima karatasi, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, andika barua, wana siku 21 za kujibu, wakikataa peleka kwa Ombudsman, ofisi ya malalamiko ya umma. Na ile "fare", pesa mnayopewa kwenye mikutano ya wanahabari, najua mnalipwa vibaya, najua kabisa, lakini ukiipokea hutauliza swali la pili.

Ripota_wa_Ziwa, Kisumu
Aii mzee umenigusa hapo kwa fare. Asanteni sana. Mizani nitaazima. Swali tu, nikipima gorogoro moja mhariri si atasema huo si utafiti?

Mwalimu_Nakuru
Atasema, na atakuwa sawa. Chagua vitu vichache, wauzaji wale wale, siku ile ile ya mwezi, andika bei na uzito, vyote viwili. Usiseme "Kisumu", sema "wauzaji tuliopima Kibuye". Baada ya miezi kadhaa uko na kitu chako mwenyewe ya kuweka kando ya taarifa ya Nairobi.

NyarKibuye
Kuja Jumapili ndio soko linajaa, lakini kuja mapema kabla jua. Jina langu usitaje hewani. Na ununue kitu, usije kupima tu uende.