Uoga umeisha Kayole, umebaki Kileleshwa

Nduthi_Kayole:
Wadau, mimi hupeleka vifurushi kwa pikipiki. Mwezi wa tatu mbwa alinirukia getini Kileleshwa, akaning'ata paja. Tangu hapo nikisikia komeo la geti likivutwa, kra!, jasho linanitoka kabla mbwa hajabweka. Jirani yangu huku Kayole ana mbwa jike mpole, jina lake Simba (msiniulize). Wiki tano, kila jioni, jirani anavuta komeo, mimi nimesimama tu. Mwishowe nikawa namlisha Simba matumbo kwa mkono. Nikajua nimepona. Jumatatu nikapata oda Kileleshwa. Komeo likalia, simu ikanidondoka. Zile wiki tano zilienda wapi?

Mama_Maabara:
Pole kaka. Hazikwenda popote. Nilisoma fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) chuoni Chiromo, na hili ndilo lilinishangaza zaidi: ubongo haukuifuta kumbukumbu ya kung'atwa, uliweka nyingine kando yake, kwamba komeo likilia hakuna kitu. Ya kwanza imekaa kwenye amigdala, kinundu kama lozi, kimoja kila upande wa ubongo. Ya pili hutegemea sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayoizuia amigdala isipige kamsa. Sasa hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo inayotambua uko wapi. Kwa Simba, breki inashika. Kileleshwa, haishiki. Uoga hausumbuki sana na mahali, usalama ndio unaouliza, "hapa ni wapi?" Na muda pia huurudisha. Mwanasayansi Pavlov aliona mbwa waliozoeshwa ishara ya chakula wakiacha kudondosha mate ishara ilipokosa chakula, kisha wakipumzishwa mate yanarudi.

Mstaafu_Umoja:
Si nilisikia panya walifutwa uoga kabisa?

Mama_Maabara:
Mzee, ni mwaka 2000, watafiti Nader, Schafe na LeDoux. Walimsikilizisha panya mlio uliowahi kufuatwa na shoti ya umeme, kisha wakamdunga anisomaisini ndani ya amigdala. Dawa hiyo huzuia protini kutengenezwa, na kumbukumbu iliyoamshwa ikashindwa kujihifadhi upya. Lakini hiyo hudungwa ubongoni, si ya kuulizia kwa chemisti. Nduthi, badilisha mageti, mbwa na saa. Na uende na mtu.

Nduthi_Kayole:
Leo nimeanza Buruburu na binamu yangu. Soja amevuta komeo mara sita, ya saba akaniuliza kama nina kifurushi au sina.