Skripti ya kufuata anwani ya IP imekufa kimya kimya, siku mbili na nusu matawi yetu yameuza kwa daftari

Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi hapa na matawi mawili, moja Muheza lingine Pangani. Stoo yote imo kwenye kompyuta moja ya hapa mjini na matawi wanaingia kwa jina la mtandaoni sio kwa namba, maana namba yenyewe, yani anwani ya IP tunayopewa na hao wanaotuuzia intaneti, haidumu, umeme ukikatika modemu ikiwaka tena mara nyingi tunakuta nyingine. Hilo nililimaliza tangu 2021. Pale mtandao unapoingilia nimeweka kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi ndiko kanakopokea anwani, na ndani yake faili moja tu, /etc/dhcpcd.exit-hook, mistari 14. dhcpcd ndio programu iliyokuwa inaomba anwani, ikishapewa inalisoma hilo faili na kulipatia $reason (sababu) na $new_ip_address (anwani mpya), skripti yangu inaangalia kama namba imebadilika basi inaenda kulielekeza jina kwenye namba mpya. Sekunde chache imeisha. Muda wote huo baba mdogo hajawahi hata kujua kuna kitu kama hicho, na mimi ndivyo nilivyotaka.

Mwezi uliopita memori kadi ikafa. Mimi nilikuwa Handeni, nikamwambia fundi mmoja wa hapa mjini aweke kadi mpya na arudishe mafaili yangu kutoka kwenye flashi. Akaweka mfumo mpya kabisa, akayakopi mafaili yote yalivyokuwa, akanipigia kaka kila kitu kimerudi. Na kweli kilirudi! Faili lipo palepale, jina lilelile, mistari 14 ileile. Ila mfumo wa hizi kompyuta ndogo tangu toleo la Oktoba 2023 umeiacha dhcpcd na kuhamia NetworkManager, programu nyingine ya kusimamia mtandao, na NetworkManager haina habari kabisa na /etc/dhcpcd.exit-hook. Hailisomi, hailiulizi, wala haisemi "jamani hapa kuna faili lako la zamani sijaligusa". Hakuna neno hata moja, si kwenye kioo si kwenye logi.

Wiki tatu zikapita vizuri kwa sababu tu umeme haukukatika muda mrefu. Ijumaa usiku ukakatika, ukarudi alfajiri, modemu ikaja na anwani mpya. Jumamosi saa mbili asubuhi dada wa Pangani ananipigia, kaka mfumo haufunguki unazunguka tu. Muheza nao hivyo hivyo. Nikawaambia zimeni muwashe, nikijua ni mtandao wa kawaida, kumbe jina letu bado linaelekea anwani ya zamani, ambayo saa hiyo pengine ameshapewa mteja mwingine kabisa, yani kompyuta zetu za mauzo zinabisha hodi siku nzima nyumbani kwa watu!

Wakaamua kuuza kwa daftari. Stoo tulikuwa na mabati 60 ya geji 30. Pangani wakauza 45, mtu kalipa kamili, mzigo aje kuuchukua Tanga. Jumamosi hiyohiyo hapa Ngamiani tukauza 50 kwa sababu kwenye kompyuta yote 60 yanaonekana yapo. Jumatatu asubuhi yule mzee wa Pangani kafika na kenta ya kukodi na vijana wawili wa kupakia, anakuta mabati 10 yameegemea ukuta. Baba mdogo kasimama mbele ya mtu mzima mwenzie anaomba radhi, kamrudishia pesa na nauli ya kenta juu. Mimi ndiye niliyemwambia kuwa mfumo huu hauna shida.

Sasa sikilizeni kilichonikera zaidi, kurekebisha kwenyewe. Nikahamishia skripti kwenye /etc/NetworkManager/dispatcher.d/, folda la skripti ambazo NetworkManager inaziita, nikachomoa waya nikarudisha, kimya. Kumbe faili lazima limilikiwe na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), liwe na ruhusa ya kuendeshwa na asiwepo mwingine anayeweza kuliandika, lisipotimiza linarukwa. Kosa limeandikwa kwenye logi ya mfumo inayosomwa kwa journalctl pekee, usipojua kulitafuta hulioni. Nikafanya chown, amri ya kubadilisha mmiliki. Likaitwa, ila halijui chochote, kwa sababu $reason na $new_ip_address huku hazipo, huku unapewa jina la kadi ya mtandao kwenye $1 na tukio kwenye $2. Nikachukua IP4_ADDRESS_0 nikidhani ndio anwani, kumbe inakuja na mkia, anwani halafu /24 halafu na namba ya geti (gateway) nyuma yake, ile huduma ya majina ikanikatalia. Inayotakiwa ni DHCP4_IP_ADDRESS, hiyo inakuja safi. Na tukio usisikilize "up" (mtandao umewaka) peke yake. Ukipewa anwani nyingine wakati waya haujachomoka tukio linaitwa dhcp4-change, kwa hiyo weka yote mawili, la sivyo utapona siku moja uumie siku nyingine.

Niliuliza kwenye grupu nikajibiwa "weka static", yani anwani isiyobadilika. Anwani ya kudumu wanaiuza, tena kila mwezi, baba mdogo hawezi, na mimi nilijifunza hivi vitu ili asilipe. Mwingine kasema hamia systemd-networkd, programu nyingine ya mtandao, utumie networkd-dispatcher inayoita skripti. Huyo nimemsoma vizuri, kile kinaamka pale hali ya mtandao inapobadilika, ukibadilishiwa anwani tu huku hali imebaki routable (mtandao unapitika) kinaendelea kulala, na shida yangu mimi ni anwani! Waliokuja na dhclient, mwombaji mwingine wa anwani, na folda lake la dhclient-exit-hooks.d, inafanya kazi ndio, ila ISC wenyewe walioitengeneza walishasema 2022 kwamba hawaitunzi tena. Na wale wa Ubuntu wa muda mrefu mtakumbuka toleo la 17.10 lilivyokuja na netplan, mfumo mpya wa kupanga mtandao, kwenye seva skripti za if-up.d, zilizokuwa zinaitwa mtandao ukiwaka, zikabaki zimekaa pale haziitwi na mtu. Yaani kila baada ya miaka michache mlango unahamishwa na wa zamani unaachwa na kitasa chake, unagonga hakuna mtu ndani.

Sikatai mambo kubadilika. Ila programu mpya ikiwashwa ikakuta faili la ndoano (hook, kama hilo langu) la mwenzake aliyeondoka, mstari mmoja tu wa onyo ungetosha, mzee wa Pangani asingekodi kenta. Na fundi naye, ukisema kila kitu kimerudi uwe umechomoa waya ukarudisha ukaona kinafanya kazi, sio umeona faili lipo.

Kwa sasa nimeweka na cron, kipangaratiba cha mfumo, kila dakika 5 inalinganisha jina na anwani halisi kama ulinzi wa pili, na skripti inaandika tarehe na anwani kwenye logi kila inapoitwa. Ninachokosa ni kitu cha kunitumia meseji pale jina na anwani vikipishana zaidi ya dakika 10, kikae nje ya mtandao wetu maana wa ndani ukifa nacho kinakufa. Mwenye nacho kinachofanya kazi kweli aweke hapa, Alhamisi naenda Pangani nikawaonyeshe wale dada nao waweze kuangalia wenyewe.